Mwenye mti anunue mkanda wa pete

Mwezi wa tisa mvua zikirudi, wakaaji wa Bukavu na Goma wenye mikaratusi karibu na nyumba wanatafuta watu wa kuipunguza matawi kabla upepo haujayaangusha juu ya mabati. Kati ya wanaokubali kibarua hicho kuna baba wa familia waliokimbia vita, sababu pesa inalipwa siku hiyohiyo na watoto wanakula jioni.

Mara nyingi makubaliano yanahusu bei tu. Kamba inabaki shida ya mpandaji. Hapo ndipo kuna kosa.

Mtu akipitisha kamba moja kwa moja kwenye panda ya mti, akining'inia upande mmoja na kujishusha kwa fundo la upande wa pili, kamba inatembea juu ya gome kila anaposogea. Gome linaikwaruza na utomvu unaikamata. Anatumia nguvu nyingi kupanda, anachoka, na aliyechoka huko juu hukosea. Kamba ya plastiki ya sokoni ni hatari zaidi: inayeyuka kwenye joto la digrii 160 hivi, na kamba ikisuguana na kamba nyingine kwa kasi inapata moto. Kufungia mifugo inafaa, kubeba uzito wa mtu haifai. Mti nao unaumia. Avoka iliyochunwa gome kwenye panda inafungua mlango kwa ugonjwa.

Wakataji wa miti wenye mafunzo wanatumia mkanda mfupi wenye pete mbili za chuma au alumini, moja kubwa na moja ndogo. Mkanda unazungushwa kwenye shina, juu ya tawi zima, na kamba inapita ndani ya pete zote mbili bila kugusa gome. Kazi ikiisha, fundo kwenye ncha ya kamba linapita pete kubwa, linakwama kwenye ndogo, na mkanda unavutwa chini bila mtu kupanda tena.

Anayenunua aangalie mambo matatu. Kwanza, chapa ya nguvu: kilonewtoni 22 ni kama kilo 2,200 za uzito. Kisicho na chapa kiachwe dukani. Pili, mishono isiwe imekatika wala kuunguzwa na jua, na pete zisiwe na mfereji uliochimbwa na kamba. Tatu, asivutwe na puli kwa sababu tu inateleza vizuri. Pete zinabakisha msuguano kidogo unaosaidia fundo la mpandaji kushika. Kwenye puli, uzito zaidi unarudi kwenye fundo hilo, na anayejifunza hataliweza.

Wengine watasema hakuna pesa. Basi waanze na kipande cha tiyo ngumu au ngozi nene kilichovikwa kamba pale inapopita kwenye panda. Si sawa na mkanda wa pete, lakini ni bora kuliko gome tupu. Na wenye miti kumi katika avenue moja wanaweza kuchanga wakanunua mkanda mmoja na kamba moja nzuri, vikahifadhiwa kwa kiongozi wa avenue.

Mkanda haufanyi tawi bovu kuwa zima. Panda iliyooza itavunjika hata ikivikwa dhahabu. Wala vifaa vya kumbeba mtu visitumiwe kushusha magogo. Mzigo unaoanguka ghafla unaviharibu bila dalili kuonekana.

Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde usalama wa anayemfanyia kazi. Mhami hana nguvu ya kudai hayo mlangoni mwa mtu, sababu akikataa, mwingine mwenye njaa atapanda. Kwa hiyo neno la kwanza litoke kwa mwenye mti. Kabla ya kusema bei, aonyeshe kamba na mkanda. Asiyekuwa navyo aache mti usimame hadi avipate, sababu bati lililopasuka linanunuliwa tena sokoni, lakini familia iliyokwisha kupoteza shamba na nyumba haina baba mwingine wa kupoteza.