Moyo Unadunda, na Hakuna Anayekufukuza!

Wiki hii habari za mapenzi na mitindo tuziweke kando kidogo. Kuna kitu kinawatafuna vijana wengi kimyakimya, nacho ni wasiwasi.

Sisemi ule wasiwasi wa kusubiri matokeo ya Fomu Foo au wa kwenda kujitambulisha ukweni. Huo kila mtu anao, na unapita. Nasema ule wa mshikaji aliyekaa zake kwenye daladala, mara moyo paa! Mikono inatetemeka, jasho linamchuruzika, pumzi hazitoshi, anajua kabisa kwamba leo anakufa. Baada ya dakika kadhaa, kimya. Kesho yake anaogopa daladala. Mwezi ujao anaogopa hata kutoka nje.

Sasa mrudishe mshikaji huyo kwao Kimuli, kule Kyerwa, akapumzike. Ndugu watakaa kikao. Mmoja atasema, "Ana moyo huyu." Wa pili, "Katupiwa kitu." Wa tatu, "Uvivu wa mjini, mpeni jembe!" Wote wanampenda, lakini pesa za kahawa zitaishia kwa waganga na hofu ibaki palepale.

Jamani, Kagera hiyohiyo ilishatufundisha. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walishapatwa na vipindi vya kucheka, kulia na kuhangaika. Mambo yakahamia kijiji cha Nshamba, yakawapata watu 217. Madaktari walipima damu, wakatafuta vijidudu na sumu kwenye chakula. Hawakukuta kitu! Wachambuzi wa baadaye waliona chanzo ni dhiki iliyowaelemea mabinti wale.

Ugonjwa wa mshikaji wetu si uleule wa Kashasha, lakini somo ni moja: vipimo kuwa safi haina maana kwamba mtu anaigiza. Akili ikielemewa, mwili ndio unaopiga kelele.

Inakuwaje? Mwili una mlinzi wake. Ukikutana na nyoka, unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, misuli inakaza, unachomoka mbio. Safi kabisa. Tatizo linakuja pale mlinzi anapokuwa kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Na usijione uko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi haya ya wasiwasi.

Sasa ufanyeje?

Kwanza, nenda hospitali. Tezi ya shingo, upungufu wa damu na moyo wenyewe vinaweza kuleta dalili hizohizo, kwa hiyo vipimwe. Vikiwa safi, omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Na usiogope jina! Kumwona daktari huyo si kufungiwa Mirembe.

Pili, kipindi kikikushika, usipigane nacho. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyovuta. Jikumbushe: kinapanda, kinafika kileleni, kinashuka. Siku zote kinashuka.

Tatu, usikimbie unachokiogopa. Ukikikwepa leo, kesho kinakuwa kikubwa zaidi. Panda daladala kituo kimoja na rafiki, kesho viwili, halafu jaribu mwenyewe. Wataalamu wa ushauri wanatibu hivyohivyo, hatua kwa hatua, na inasaidia kweli.

Nne, angalia kinachoingia mdomoni. Watu wa Kimuli mnisamehe! Kahawa ya kutafuna ni heshima ya wageni, lakini robusta ina kafeini nyingi, karibu mara mbili ya arabika, na kafeini inaukimbiza moyo uleule tunaotaka utulie. Pokea moja ya heshima, basi. Lubisi nayo inakupoza usiku, halafu asubuhi wasiwasi unarudi na wenzake.

Tano, achana na kununua valiamu kienyeji duka la dawa. Inatuliza haraka, lakini ukiizoea, kuiacha ni kazi. Zipo dawa za kunywa kila siku, kama flukisetini, ambazo daktari anaweza kukuandikia. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla. Na ukiona mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usisubiri kupambazuke. Mwambie mtu, mwende hospitali hapohapo.

Na nyie washikaji wa kijiweni, mwenzenu akishikwa, msimwambie "acha woga, wewe si mwanaume?" Angekuwa anaweza kuuacha, angeuacha zamani. Kaa naye, pumueni pamoja, kisha msindikize hospitali. Hiyo tu inaweza kumrudisha kazini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Ila leo jioni, hebu mpitie yule mwenzenu ambaye siku hizi haonekani kijiweni.