Bilioni Si Moja

Ndugu walimu, wapo wenzetu washikiliao kwamba "billion" ni neno lile lile, liwe la Kiingereza au la Kifaransa, na kwamba Kiswahili kimelipokea, basi, yamekwisha. Hatukubaliani nao hata kidogo.

Waingereza wenyewe walizoea kulihesabu kuwa milioni mara milioni, yaani 1 yenye sifuri 12. Mwaka 1974 serikali yao ilitangaza kwamba takwimu zake zitafuata hesabu ya Kimarekani: milioni elfu moja, sifuri 9. Hiyo ndiyo bilioni ya Kiswahili. Lakini Kifaransa, kisomeshwacho Bujumbura na Lubumbashi, kingali na sifuri zake 12. Yenye sifuri 9 chaiita "milliard".

Basi mwanafunzi afasiriye "billion" ya Kifaransa kuwa "bilioni" amebakiza sehemu moja katika elfu. Hilo si kosa la tahajia: ikiwa hesabu ni ya deni la nchi, amelifuta kwa kalamu. Tufundishe waziwazi: "milliard" ni bilioni, "billion" ya Kifaransa ni trilioni. Na penye shaka, tuandike sifuri zote.