Kijana Asikilizwe Kabla ya Kunasihiwa

Hakuna ajizi katika malezi yetu inayonitia jitimai kuliko hii ya kumwona kijana nyumbani ameingiwa na dhiki ya moyo, chakula hakimpiti kooni, usingizi umemhama, wenziwe amewakimbia, nasi wazee wake, badala ya kumwuliza kwa upole limsibulo, tukamkaripia kwamba ni mvivu, au kwamba imani yake ni haba, au tukamhesabia mashaka tuliyoyapitia sisi tulipokuwa na umri wake, kana kwamba uchungu wetu wa zamani ndio dawa ya uchungu wake wa leo. Akisha kunyamaza, twasema amepoa.

Asidhani mtu kwamba haya ni masaibu ya nyumba chache. Shirika la Afya Duniani limekwisha kubainisha kwamba theluthi ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14, na kwamba kwa walio baina ya miaka 15 na 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Mtoto wa miaka 14 yumo darasani, yumo mikononi mwetu, anakula sahani moja na nduguze. Basi ni nani atakayeiona alama ya kwanza ya maradhi ikiwa si sisi?

Sheria nayo ilikuwa kali kama ndimi zetu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujitoa roho kuwa mkosaji anayestahili kifungo cha hadi miaka miwili. Yaani mtu aponee mlangoni mwa mauti, kisha apandishwe kizimbani! Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilikitangaza kifungu hicho kuwa chakhalifu Katiba, nami naishukuru kwa dhati. Walakini hukumu ya jaji haiingii jikoni wala ukumbini mwetu, na kijana aliyesalimika na polisi bado yamkabili maneno ya baba yake.

Kwa hiyo namwomba msomaji atazame Harare. Huko Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa mabingwa wachache sana wa maradhi ya akili katika nchi ile, alifikwa na msiba wa kumpoteza mgonjwa wake ambaye jamaa zake walikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 akaanza kazi katika mtaa wa Mbare, hana chumba, hana fedha, hana wauguzi, ila mabibi 14 waliokuwa wakijitolea mtaani. Akawafunza, na mabenchi ya mbao yakawekwa nje ya zahanati. Yeye alitaka yaitwe mabenchi ya afya ya akili. Mabibi wakamkataza, wakamwambia hapana mtu atakayekubali kuonekana ameketi hapo, afadhali yaitwe mabenchi ya urafiki. Na hakika wao ndio walioijua fedheha inayowazuia watu wao. Bibi humwacha mgeni wake aseme hata amalize, kisha humsaidia achague shida moja tu miongoni mwa nyingi zilizomzonga, na njia ya kuikabili aitafute mgeni mwenyewe. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 kwa waliokaa na mabibi, na kama 50 katika kila 100 kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Mpango huo umefika hata Unguja, wala si ajabu, maana sisi tuna mabaraza ya mawe milangoni tangu enzi za mababu, na wazee wenye stara hawajatupungukia. Kilichopungua ni mafunzo, na subira ya kusikiliza. Atakayesema kwamba maradhi ni kazi ya daktari nami nakubaliana naye. Lakini mabibi wa Harare hawajifanyi madaktari, na aliyezidiwa humpeleka mbele kwa wajuzi. Atakayesema ni kazi ya dua, basi na amwombee mwanawe usiku na mchana, na asubuhi amfikishe zahanati, kwani dua haijamharamishia mtu tiba.

Wenye misikiti, makanisa na shule wangeweza kuwateua kina mama na kina baba wawili watatu wanaoaminika kwa kutunza siri, wakafunzwa na waganga wa hospitali ya wilaya, wakajulikana na vijana. Na mzazi asingoje hayo. Leo usiku aketi na mwanawe, amwulize, kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Atakaloambiwa asilipeleke kwa shangazi wala jirani. Ila kijana akitamka kwamba hataki tena kuishi, hapo siri haina nafasi, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku ile ile.