Mbwa aking'ata mtoto Piyaya, ni kazi ya ofisi gani?

Mtoto anachunga ndama karibu na boma, anang'atwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Jioni mama anamfikisha zahanati na muuguzi anashughulikia kidonda. Mbwa je? Huyo ni wa afisa mifugo. Na kama aliyeng'ata ni bweha aliyetoka upande wa Serengeti, basi ni wa watu wa wanyamapori. Tukio ni moja, ofisi ni tatu, na kila ofisi ina mkubwa wake wa kumripotia.

Wasikilizaji wetu hutuuliza sana habari za chanjo. Leo tuzungumzie nani anamwambia nani.

Zahanati iko chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Afisa mifugo ana idara yake katika Halmashauri hiyo hiyo ya Ngorongoro. Askari wa Hifadhi ya Serengeti ni wa TANAPA, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wala diwani hawezi kuwaagiza. Mipaka hii ina sababu zake. Hakuna anayetaka muuguzi akamate mbwa au askari wa hifadhi adunge watoto sindano. Shida huanza pale taarifa inapofika mwisho wa ofisi moja ikabaki hapo.

Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo huokoa ikiwahi. Kwa hiyo muuguzi, huku akianza tiba bila kusubiri, anahitaji kusikia kutoka kwa afisa mifugo: mbwa amepatikana? Bado mzima au amekufa? Amechanjwa? Afisa mifugo naye hana njia ya kujua kuna mbwa hatari asipoambiwa na zahanati, maana mama hampitishi ofisi ya mifugo mtoto anayetoka damu. (Mara nyingi laigwanani hujua kabla ya ofisi zote tatu.)

Hapa kwetu tuliwahi kuona hasara ya kila mtu kuangalia upande wake. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Haikuwa kazi ya majangili. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana kwa mbwa, na mbwa wa vijijini walishukiwa kuwa chanzo. Simba walikuwa na wizara yao, mbwa na yao. Baadaye kuchanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi kukahesabiwa kuwa ni kulinda simba pia.

Serikali inalijua tatizo hili. Ndiyo maana Dawati la Afya Moja liliwekwa Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kuwa wizara moja haiwezi kuiamuru nyingine. Lakini Dodoma ni mbali. Kwenye kata, kikao kinachowaweka wataalamu hawa meza moja ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hicho hukaa kila miezi mitatu. Mtoto aliyeng'atwa hana miezi mitatu.

Sisi tunaona mtu wa kushika jambo hili ni mtendaji wa kata, kwa sababu anazungumza na afya na mifugo wote. Namba ya afisa mifugo ibandikwe ukutani zahanati, na ya muuguzi iwe kwenye simu ya afisa mifugo. Halafu lipo suala ambalo vikao hulikwepa: mafuta ya pikipiki. Afisa mifugo akiitwa na zahanati kwenda kutafuta mbwa, safari ni ya bajeti ya nani? Lisipojibiwa mapema, simu itapigwa na hakuna atakayetoka.

Mtoto aking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende zahanati siku hiyo hiyo. Mbwa akiuawa, asitupwe porini kabla afisa mifugo hajajulishwa. Mkishapokelewa, muulize muuguzi: afisa mifugo ameshapigiwa?