Mkungu wa Mama Mkwe Usiozee Jikoni Kwako

Mwezi huu tuweke pembeni wivu na meseji za saa sita usiku, tuongee habari za ndizi. Usicheke! Kuna ndoa zinatikiswa na mkungu mmoja tu, na ya kwangu nusura iwe mojawapo.

Mwenzangu ni Muhaya wa Muleba, mimi Msukuma, tunaishi Nyakato hapa Mwanza. Mama mkwe ana kibanja chake, na kila baada ya muda anatutumia mkungu kwa basi. Siku hizi unafika haraka, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi halisubiri tena kivuko. Sasa fikiria: watu wawili, wote tunarudi kutoka kazini jioni, mkungu una chane nane. Jumamosi ndizi na maharage, Jumapili ndizi na sato, Jumatatu tumechoka tunanunua chipsi. Kufika wikiendi inayofuata zimeiva zote kwa mpigo, inzi wanafanya harusi jikoni.

Basi bwana, siku moja mama akapiga simu. "Ndizi zilifika mwanangu? Mnakula?" Mume wangu akajibu, "Tunakula mama," huku anaangalia ndoo ya taka. Alipokata simu hakuniongelesha mpaka kesho yake. Nikajitetea: si umwambie apunguze? Ndipo akaniambia kwamba mama yake anaubeba mwenyewe mkungu ule mpaka barabarani kusubiri basi. Kwake si chakula tu, ni salamu. We acha tu, niliona aibu.

Nikakumbuka nyumbani kwetu. Sisi Wasukuma tunakausha viazi vitamu: vikikaushwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa, na vinakaa miezi. Sasa ndizi zinishinde nini? Hivi ndivyo tunavyofanya sasa, wawili sisi, jioni ileile mkungu unapofika.

Kwanza, tunagawa. Zinazoliwa wiki hii tunazitandaza penye hewa na kivuli, hatuzifuniki. Ndizi inapoiva inatoa gesi inayoziivisha na za jirani, kwa hiyo iliyoiva, parachichi na embe zikae mbali na mbichi. Ndizi mbichi usiiweke kwenye friji. Chini ya nyuzi 13 hivi ganda linakuwa jeusi na ikitoka humo haiivi vizuri. Ile iliyokwisha kuiva unaweza kuiweka. Ganda litakuwa jeusi lakini ndani iko salama kwa siku kadhaa.

Pili, friza. Pakeni mafuta mikononi, utomvu usiwanate. Menya ndizi mbichi, katakata, tumbukiza kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Zipitishe kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, zipoze kwa maji baridi, zichuje na kuzikausha kwa kitambaa safi. Zitandaze kwenye sinia ndani ya friza mpaka zigande, kisha zifungashe kwenye vyombo vyenye mifuniko, kila chombo mlo mmoja, na uandike tarehe. Miezi miwili mitatu ladha bado iko poa. Siku ya kupika usisubiri ziyeyuke, zitalegea. Zitie sufuriani hivyohivyo na barafu yake. Zilizoiva sana menya, ponda, gandisha kwa ajili ya keki au maandazi. Na umeme ukikatika, funga mdomo na ufunge friza! Iliyojaa inatunza ubaridi kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja, ilimradi hamfungui kila saa.

Tatu, jua, kwa ambao hawana friza au LUKU inawapeleka mbio. Kata vipande vyembamba vya unene sawa, vichovye kwenye maji ya ndimu, vianike juu ya ungo safi, funika kwa neti dhidi ya inzi na vumbi. Jioni viingize ndani, umande usivirudishe nyuma. Jua likiwa kali, siku tatu au nne zinatosha. Kipande cha ndizi mbichi kikivunjwa kilie "kach", ndipo kiko tayari. Kikipinda, rudisha juani. Viache vipoe kabla ya kuvifunga kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa, ukaviangalie mara kwa mara. Ukiona ukungu, tupa. Ukivisaga unapata unga wa uji.

Mama alipokuja kututembelea nilimkorogea uji wa ndizi zake za miezi mitatu nyuma. Kabla hajamaliza kikombe, mume wangu akamwambia ukweli kuhusu zile tulizotupa. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama akanyamaza kidogo, akaomba aongezewe uji. Mkungu uliofuata haukuwa mkungu, zilikuwa chane nne tu kwenye gunia, na ndani yake ungo mpya.

Kwa hiyo wapendwa, kinachotoka kwa wakwe kisiozee kimyakimya jikoni. Kikiwazidi, semeni mapema na kwa heshima. Kabla hamjasema, kaeni jikoni wawili na kisu kila mmoja. Tangu hapo mume wangu ndiye fundi wa kumenya, na stori zetu nzuri za wiki tunapigia hapo.

Tukutane mwezi ujao!