Wanateknolojia wa Gusii waungane

Mji wa Keroka umekatwa na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, na mvutano kuhusu nani atoze ushuru pale si mgeni kwa yeyote. Fundi wa kompyuta hajui mpaka huo. Anatengeneza mtandao wa duka upande huu asubuhi, jioni yuko ng'ambo. Ndiyo maana naamini watengenezaji programu, wenye saiba na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Kisii wanahitaji chama kimoja cha kaunti zote mbili. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni. Lakini kijana mwenye kompyuta moja atawezaje kujenga mfumo wa kukusanya ushuru wa soko, alinde data zake, kisha asubiri malipo miezi kadhaa? Kazi hiyo huishia Nairobi, na mfumo ukikwama siku ya soko, karani hurudi kwenye kitabu cha risiti.

Wapo wanaohofia kwamba chama kitatekwa na wanasiasa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni katiba inayomzuia mwenye cheo cha siasa kuwa kiongozi, pamoja na hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama. Wengine wanasema sisi ni wachache mno. Wakulima wa majani chai wa Nyamira wana vishamba vidogo vidogo, lakini kwa pamoja wanamiliki viwanda.