Kamera Sahihi Ni ya Jirani Yako

"Dogo, bila fulu fremu utabaki kupiga paspoti tu." Maneno haya niliyasikia kwenye sendofu moja hapa Misungwi, yakimtoka mpiga picha mwenye kamera mbili kifuani na kizibao chenye mifuko mpaka mgongoni. Aliyeambiwa ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, ana laki kadhaa za kuuza mpunga, na kosa lake lilikuwa kuuliza kwa adabu zote: "Shikamoo kaka, nianze na kamera gani?" Nilitaka kumjibu yule bwana palepale, lakini MC alikuwa ameshashika kipaza sauti, na MC wa siku hizi akishakishika, hata mchungaji husubiri zamu. Basi namjibu hapa.

Imani yenyewe mnaijua. Eti kuna kamera "za kitaalamu" na nyingine zote ni midoli. Eti kijana anayeipenda picha asinunue chochote mpaka apate ile kubwa, mpya, isiyo na kioo, yenye kihisi kikubwa wanachokiita fulu fremu, la sivyo amepoteza hela. Hata watoto ambao hawajawahi kushika kamera wanairudia kama sala, kwa sababu wameisikia YouTube kutoka kwa watu wanaoletewa kamera bure wazisifie. Matokeo yake tunayaona. Kijana anasubiri mavuno ya mwaka huu, halafu ya mwaka ujao. Asiyeweza kusubiri anajitupa kwenye mikopo ya kausha damu, na kamera inauzwa kabla haijapata hata mkwaruzo.

Mimi nasema hivi: kamera iliyo sahihi kwa dunia nzima haipo. Iliyo sahihi kwa Misungwi ipo, nayo ni ile aliyo nayo jirani yako.

Msicheke. Kamera ya kubadilisha lenzi haiji peke yake. Inakuja na lenzi zake, betri zake, chaja yake na flashi yake. Lenzi ya Canon haikai kwenye Nikon, na betri ya Sony haiingii kwenye Canon. Siku unayolipia kamera umeshachagua utakuwa unamgongea nani mlango ukikwama. Mtu wa hapa akinunua bodaboda haulizi ipi ni bora duniani. Anauliza spea zipo? Fundi wa Usagara anaijua? Ikinizimikia njia ya Misasi, nani ana kebo ya klachi? Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili timamu. Lakini mtu huyohuyo akifika kwenye kamera, akili anaiacha kwa fundi wa pikipiki, anaanza kuuliza mtu wa London anasemaje.

Fikiria Jumamosi ya harusi. Saa tatu usiku, keki haijakatwa, betri imekwisha. Studio zote ninazopita mimi hapa mjini zimejaa Canon za kioo, zile za miaka kumi iliyopita, na betri zake ziko kwenye kila droo. Wewe umenunua Sony ya kisasa uliyoagiza kwa mtu anayekwenda Dubai. Utamwambia bibi harusi asubiri ndege?

Hawa wahubiri wa fulu fremu wanapenda namba, basi tuhesabu. Kihisi cha fulu fremu kina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye filamu ya zamani. Kihisi cha Canon ndogo kina kama milimita 22 kwa 15. Kwa eneo, kile kikubwa ni kama mara mbili na nusu ya kile kidogo. Hiyo ndiyo tofauti wanayotaka kijana aikopee mamilioni. Sasa angalia lenzi. Ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake halifunguki kuzidi f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwenye mfumo huo, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Kwa upande mmoja una mara mbili na nusu kwa deni. Kwa upande wa pili una mara kumi, kwa kilenzi kinachoingia kwenye mfuko wa shati, ambacho unaweza kukiazima Ijumaa jioni na kukirudisha Jumapili baada ya ibada. Ila utakiazima tu kama kamera yako na ya jirani zinashika lenzi moja. Canon walianza mfumo wao wa EF mwaka 1987, na lenzi ya enzi hizo bado inakaa sawasawa kwenye kamera za kioo zilizojaa studio zetu leo.

"Lakini mzee, hizo za kioo zinakufa, nunua mfumo wa kesho." Kesho ya nani? Samsung walikuja na mfumo wao wa NX mwaka 2010, na muongo haukwisha kabla hawajauacha. Nikon walileta Nikon 1 mwaka 2011, wakaifunga 2018. Canon wenyewe walileta EF-M mwaka 2012, nayo imeshawekwa kando. Olympus, waliotengeneza kamera tangu miaka ya 1930, biashara yao ya kamera iliuzwa mwaka 2021. Wote hao waliitangaza bidhaa yao kuwa ndiyo ya kesho. Wenye viwanda hawajui kesho itakuwaje, lakini muuza maneno wa sendofu anaijua.

Na tuulize wapiga picha wakubwa walianzaje. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake zilipewa maonyesho Paris mwaka 1994, alianza na Kodak Brownie aliyoletewa na mzee wa familia kutoka Senegal mwaka 1935. Brownie ni kisanduku tu, kilichoanza kuuzwa mwaka 1900 kwa dola moja. Keïta hakuwa na chumba cha giza. Alikitumia cha mpiga picha mkubwa wa mjini kwake, akajifunza humohumo, mpaka alipofungua studio yake mwaka 1948. Umeona? Jirani. Mohamed Amin naye, aliyekulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Brownie iliyokwisha kutumika. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyemwambia asubiri fulu fremu.

Wanabaki na hoja moja, nayo ndiyo wanaipenda kuliko zote: eti mteja akiona kamera ndogo hakuheshimu. Haya, kama shida ni macho ya mteja, dawa yake ni rahisi. Nunua begi kubwa. Vaa kizibao. Tembea kwa haraka ukiongea na simu iliyozimwa. Utaheshimiwa mpaka na wapishi. Picha yenyewe, tukubaliane, itaishia kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako mtandao utaikamua mpaka ibaki uji, iwe imetoka kwenye kamera ya laki tano au ya milioni kumi.

Na tukiwa kwenye heshima, mnisamehe kidogo. Kamati za harusi zinakusanya michango mpaka kwa watu wasiojua jina la bwana harusi. Mpambaji analipwa mapema, keki inalipwa taslimu, MC analipwa kabla hajafungua mdomo. Mpiga picha anaambiwa, "Tutakumalizia Jumatatu." Jumatatu hiyo haipo kwenye kalenda yoyote. Kisha kamati hiyohiyo inamnung'unikia kwamba kamera yake si ya kisasa! Na hao wenye kamera za kisasa ndio wanaotuzibia madhabahu kwa migongo yao, tukashuhudia ndoa nzima kwa kusikia. Padri akiwaomba wakae pembeni, wanamwangalia kana kwamba yeye ndiye aliyealikwa.

Tuache hayo. Kinachoniuma zaidi ni kile tunachokipoteza wakati vijana wanasubiri. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilizinduliwa, kilomita 3 za barabara juu ya ziwa, kutoka Kigongo hadi Busisi. Kigongo ni kwetu, wilayani Misungwi. Kwa miaka mingi pale watu walisubiri kivuko. Magari yalipanga foleni, akina mama wakapita madirishani na samaki, karanga na mahindi ya kuchemsha, mizigo ikabebwa vichwani, watoto wakalala kwenye magunia. Nani wa hapa ana picha za kutosha za foleni ile? Daraja linapigwa picha kila siku, kwa simu na kwa kila aina ya kamera, na litaendelea kuwepo. Foleni haipo tena. Kila kijana aliyeambiwa asubiri kamera ya maana aliipita foleni ile mikono mitupu, na hata leo apewe fulu fremu kumi, hataipiga.

Na mengine bado yapo. Wacheza bugobogobo wanaporusha majembe hewani, unahitaji shata ya moja kwa elfu ya sekunde, na kamera za kioo za bei ya chini kabisa zinafika moja kwa elfu nne. Jua la kutosha tunalo, tena linazidi. Ukipiga picha saa saba mchana, macho ya watu yatakuwa mashimo meusi, na hakuna mfumo wa kamera duniani utakaokuokoa zaidi ya kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Kuamka hakuuzwi dukani.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujafungua simu kutafuta bei, tembea. Anzia stendi, ingia kila studio, salimia, uone ukanda wa kamera ya kila mpiga picha umeandikwa jina gani. Jina utakalolikuta mara nyingi ndilo lako. Wakiwa wengi wa Nikon, wewe ni wa Nikon. Nunua ya mtumba, uijaribu mbele ya mwenye nayo, uanze kupiga wiki hiyohiyo. Na atakayekuambia umekosea, usibishane naye. Muulize kama Jumamosi saa tatu usiku atakuazima betri.